Masjala, Chumba cha Nne

Chumvi ya Mombasa haina adabu.
Imekula pini za majalada, imekula bawaba za kabati,
na feni ya dari inazunguka
ikilia kama mgonjwa wa jino.
Karatasi tu haikuliwa. Karatasi inanyonya jasho letu,
inanenepa.

Leo nimekabidhiwa ufunguo na waraka:
majalada ya walioomba silaha, yaliyopita muda wake,
yachomwe.
Tarehe. Mhuri. Sahihi isiyosomeka.
Chini yake waraka mwingine, wa mwezi huo huo,
wa ofisi ya ghorofa ya juu:
yasiguswe.

Nafungua la kwanza lililonijia mkononi.
Twaha bin Shee, sonara, Makadara.
Bastola moja, baada ya kuvunjiwa duka mara ya pili.
Vidole kumi vya wino. Nimevitazama sana;
vidole vinavyojua kuunga kipini cha pua
hapa ni madoa tu, kama ya masizi ukutani.
Barua ya daktari: halewi, hana kifafa,
usingizi umempungua tangu alipozika mtoto.
(Nani aliuliza habari za mtoto?)
Barua ya jirani: ni mtu wa watu, ila
usiku husimama nyuma ya pazia akihesabu magari.
Benki. Mwajiri wa zamani. Mwalimu wake wa chuo.
Mtu mzima alivuliwa nguo moja moja,
akaambiwa asubiri nje kwenye benchi,
akapewa kitabu cha leseni.
Nguo hakurudishiwa.

Miaka sita bastola ilikaa ndani ya kopo la unga,
haikulia hata siku moja.
Akaipeleka stesheni mwenyewe, akapewa risiti.

Mwaka wa saba wakaja watatu, alfajiri,
hawakuuliza dhahabu.
Walimsomea namba ya bastola, tarakimu kwa tarakimu,
kama watu wanaodai deni.
"Niliirudisha," akasema.
Ukurasa huo hawakuwa nao.
Wakamvunja vidole viwili
kati ya vile kumi.

Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata za serikali tulikuwa wanne.
Mmoja wetu mwaka ule alinunua jokofu la milango miwili.
Mimi nilikuwa likizo.
Nasema hivi kila mara, nilikuwa likizo,
na hakuna hata mmoja aliyeniuliza.

Basi nikasema yote yaende.
Nikachukua pipa, nikachukua kiberiti cha mpishi wa chai,
na ningekuwa nimemaliza saa hizi
kama jalada la pili lisingefunguka lenyewe.

Gunga Mwachiro, msafirishaji wa makontena, Miritini.
Barua zote safi. Sifa hadi za chifu.
Mwisho kabisa, kwa penseli, mwandiko wa askari mwenye haraka:
Mke, Mejumaa, amehojiwa mlangoni, mume akiwa uani.
Ameulizwa kama mumewe ana hasira.
Amejibu: Msimpe.

Ni hilo tu.
Alinyimwa. Hajui mpaka leo nani alimnyima.

Nikilichoma, keshokutwa ataomba tena
na neno lile halitakuwapo kumzuia.
Nikiliacha, kuna siku mwenye jokofu
atamuuzia ukurasa.
Nimekaa nalo mapajani hadi muadhini akaadhini,
hadi chai ikafanya utando.

Kisha nikatoa mkasi.
Nimekata jina lake, nimekata mke,
nimekata mlango aliosimama.
Sasa ni neno lisilo na mdomo, katikati ya karatasi
yenye tundu ambalo ukiliweka juu ya mwanga
unaona kidole chako mwenyewe.
Kile kipande cha jina nimekidondosha kwenye chai.
Wino umechelewa kidogo, lakini umetoka.

La sonara limeungua vizuri. Pini zimebaki.

Nyaraka zote mbili nimezijibu,
ya kuchoma na ya kutogusa,
mwandiko mmoja, kalamu moja:
Imetekelezwa.