Herufi za Unene Uleule

Gazeti letu liliitwa Saa Kumi
kwa kuwa lilitoka saa kumi,
watu wakiacha kazi na mikono mitupu,
na nani anapenda kubisha hodi kwake mikono mitupu?
Ofisi: ghorofa ya kwanza, Mtaa wa Sikukuu,
juu ya duka la vitenge.
Ngazi ya mbao, kipandio cha saba kibovu.
Mgeni tulimjua kwa kishindo chake hapo.

Mimi nilikuwa msahihishaji.
Kalamu nyekundu, miwani, chai ya rangi.
Miaka kumi na tisa nilichambua herufi
kama mchele wa harusi,
na bado jiwe moja lilinipita:
Jumatano hiyo tukamtangaza marehemu
Bwana Ngwatu Shebughe wa Keko Magurumbasi,
aliyekuwa amefiwa,
hakuwa amekufa.

Kesho yake kipandio cha saba kikalia.
Akasimama mlangoni, gazeti kwapani. Hakufoka.
"Nimekuja kufufuliwa," akasema,
"ukurasa uleule, herufi za unene uleule.
Mke wangu kashapokea rambirambi, elfu arobaini na tatu,
na watu wanataka warudishiwe."
Tukamfufua. Mhariri wetu, Bi Siwema Chikawe,
akamwongezea gazeti la mwaka mzima bure,
naye akalipokea kama mtu aliyepewa mwaka.

Kisha jiji likaanza kutushinda mbio.
Wenzetu wakatoka saa tisa, sisi tukatoka saa nane.
Wakatoka saa nane.
Mwishowe, jua la utosi, saa sita kamili,
Saa Kumi liko Msimbazi linauzwa,
na mechi ambayo haijachezwa
tumeiandika kwa "huenda" na "inatarajiwa".
Ndipo Mwinshehe Kibiku wa Kigogo, msomaji,
akatuletea ubeti kwa posta:

    Mhariri nipe njia, ukumbini niingie,
    Swali langu ninatia, wajuzi mnijibie,
    Jioni kutangulia, mchana ufuatie?
    Saa Kumi yaingia saa sita, niambie!

Bi Siwema alicheka mpaka akavua miwani.
Uchape, akasema, ukurasa wa mbele.
Hakuivaa tena miwani siku ile.

Hakuna aliyetuua, asisingiziwe mtu.
Karatasi ilipanda bei, matangazo yakahama,
habari zikawa zinamfikia mtu mfukoni, zikitetemeka.
Likwata, muuzaji wetu wa Mnazi Mmoja,
alirudisha nakala nyingi kuliko alizochukua.
Zinazaliana usiku, alitutania.

Toleo la mwisho halikujua kuwa ni la mwisho.
Ninalo. Namba 5,812, Jumanne.
Kwenye hadithi, Zamoyoni ameshika kitasa cha mlango,
na chini yake: Itaendelea.
Mpaka leo kashika kitasa.
Kwenye fumbo la maneno, kumi na nne kushuka:
kikitoka hakirudi, herufi nne.
Nimejaza neno, nikafuta. Nimejaza mate. Roho.
Zote zinaenea.
Majibu, limeandika, toleo lijalo.

Mwaka jana Bwana Shebughe alikufa, safari hii kweli.
Binti yake akanitafuta mpaka akanipata Tandika:
baba kaacha wosia, tangazo litoke Saa Kumi,
na alisahihishe yule yule, maana ananidai.
Nikamweleza. Akasema anajua,
anajua, lakini wosia ni wosia.

Basi nikaliandika. Nikalisoma mara tatu,
mara ya nne kinyumenyume, neno kwa neno,
kama tulivyofunzwa, ili macho yasijidanganye.
Amefariki. Siyo amefiwa.
Kijana wa duka la fotokopi akatutolea nakala ishirini
akauliza herufi ziwe nene kiasi gani.
Nikamwonyesha kwa kidole.
Ya kwanza nikaibandika mwenyewe
kwenye nguzo ya umeme pale Keko,
saa kumi kasorobo, gundi mbichi,
wa kwanza kutoka kazini
ndio kwanza anakunja kona.