Maziwa ya Pomba

Naamka saa kumi,
baridi kwenye ulimi,
ng'ombe tisa pamwe nami,
jua bado halijawa.

Kisiwa chetu, Azori,
kimezingirwa bahari,
kuta za mawe, mistari,
mashamba yamegawiwa.

Maua ya kibuluu
yamepanda hadi juu,
mlima, kama mkuu,
mawingu umevishiwa.

Najaza makopo saba,
farasi anayabeba,
kisiwa chote chashiba,
na jibini yatolewa.

Lakini nyumbani mwangu
Otilia, binti yangu,
kikombe kwake ni pingu,
hataki kunywa maziwa.

Kikombe kikija kwake
hubana midomo yake,
utadhani duka lake
kodi halijalipiwa.

Sukari nikaongeza,
asali nikachombeza,
kakao nikakoleza,
na vyote vikasusiwa.

Kijiko nikakirusha
kama ndege inashusha;
rubani akajichosha,
kutua akazuiwa.

Filomena akanena:
"Mifupa itamkana,
na meno yatagombana,
mkongojo atapewa!"

Mkwe kasema, "Mbane
pua tu, msibishane.
Mbona wangu wote wane
walikunywa wakipewa?"

Nikakataa. Najua
kwa nguvu ukifungua
kinywa, pendo hupungua,
imani huondolewa.

Nikamwahidi kofia
ya sherehe ya Maria;
akavaa, akalia
kikombe kusogezewa.

Siku hizi paka wetu
kanenepa kama chatu,
ngazi hamalizi tatu:
kumbe kwa siri hupewa!

Jumamosi, siku moja,
kavaa buti, kangoja,
tukatoka kwa pamoja,
na Pomba tukapokewa.

Pomba ni ng'ombe mpole,
ana baka shavu lile,
ulimi mrefu vile —
uso akasafishiwa!

Kicheko kikamtoka,
mkono akauweka
ubavuni, akashika
joto la mkamuliwa.

Povu kupanda ndooni,
kidole kikenda ndani,
kisha kikenda kinywani,
bila hata kuambiwa.

Nikanyamaza kabisa,
moyo wanidunda sasa;
ningesema, ningekosa.
Pomba tu alisikiwa.

"Baba," kasema, "ni tamu!
Haya nayanywa kwa hamu.
Ya nyumbani marehemu,
sanda yamefunikiwa!"

Sanda? Nikawaza, sanda?
Kumbe utando hutanda
maziwa yakishapanda
kisha yakaepuliwa.

Utando ule mweupe
hunata kama ni kupe
mdomoni; autupe
vipi, akiangaliwa?

Mwaka mzima, naapa,
tulihonga, tukalipa;
swali tu, hatukumpa:
"Hasa nini chachukiwa?"

Chujio, senti tisini,
nalichukua sokoni,
likatundikwa jikoni;
vita havikurudiwa.

Nisidanganye: si yote.
Hamalizi kopo lote,
paka naye, siku zote,
fungu lake huwekewa.

Jioni huniuliza,
"Ni ya Pomba?" akikaza
macho. Nami humjuza:
"Ni yake; umechujiwa."

Kunywa, mama, polepole.
Sharubu zako ni zile
za Amaro, babu yule;
kwa povu umechorewa.

Kesho naamka tena,
na baridi ikibana
nitakumbuka ni jana
ulipoomba kupewa.