Nne Mbele

Kageha aliruka saa sita kasoro dakika tano za usiku.
Sikuiona ndege. Lango la abiria halimpitishi mzee
asiye na tiketi, na tiketi yangu ilikuwa ya maegesho,
ya pikapu ya Mudaki. Ninayo bado mfukoni.

Kilomita elfu kumi na mbili kasoro kidogo, alinisomea,
Nairobi hadi New York, saa kumi na tano hewani.
Nikamwambia: usinipe hesabu ya juu, nipe ya barabara.
Akaandika nyuma ya risiti: Kangemi hadi nyumbani Mbale,
mara thelathini na nne, mfululizo,
bila kushuka Nakuru kununua karoti.

Basi nikaisafiri hivyo.
Nilipopandisha mlango wa kibanda changu Mfangano
alikuwa ameshafika Mbale mara kumi na sita.
Nikifungua mgongo wa saa ya karani mmoja, mara ishirini.
Adhuhuri sikula: mara ishirini na saba,
na chini yake maji matupu.
Mbale hakuna maji kiasi hicho.

Saa tisa kasoro dakika kumi simu ikalia.
"Baba, nimefika. Huku ni saa moja kasoro kumi.
Asubuhi."

Asubuhi gani?
Ile niliyokwisha kuitumia?
Niliyoinywea chai, nikamkosea mteja chenji,
nikadhani imekwenda na maji ya kuoshea kikombe?
Kumbe ipo kwake, mbichi, haijaguswa.

Ndani ya droo kuna saa ya mtu
aliyesema narudi kesho. Mwaka wa tatu huu.
Nikaitia ufunguo, nikaiweka sawa na ya ukutani,
nikataka kuirudisha nyuma saa nane, iwe ya Kageha.
Lakini saa kuukuu hairudishwi nyuma.
Ukiilazimisha, meno yake hulia;
nimewafokea vijana wangapi kwa kosa hilo!
Nikaizungusha mbele, polepole.
Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Mishale ikatua palepale.

Nane nyuma, nne mbele: ni pamoja.
Miaka thelathini na mmoja nashika saa za watu
na hilo sikuwahi kuliona.
Uso wa saa haujui usiku, haujui Atlantiki,
haujui viza wala sweta niliyomlazimisha aibebe.
Na sisi si wageni wa mambo haya:
mshale mfupi ukigusa saba twasema moja.
Tangu darasa la pili nasoma namba ya ng'ambo
wala sijachelewa popote.

"Baba, upo?"

Nipo, mama. Nafunga mkanda.
Mkono wa kulia, huu wa bisibisi,
haujazoea kuvaa kitu. Utazoea.
Na mwenye saa akitokea leo hapa mlangoni
nitamwambia arudi kesho.