Safu ya Saba

Kilo mbili za dagaa, na risiti tafadhali.
Bi Nyamwiza wa Kibirizi akanicheka:
"Risiti ya dagaa! Unampikia nani, Serikali?"
Nikamwambia zinakwenda Arusha kuchomwa
mpaka ziwe majivu, na majivu yapimwe,
tujue kilichomo ndani ya samaki leo,
kabla hakijajengwa chochote.
Akafunga mfuko kimya. Kisha:
"Mnachoma chakula mjue kama kinalika."

Ndivyo kanuni inavyotaka.
Atajuaje kilichopungua
asiyepima pishi asubuhi?

Mwaka wa tatu huu nachota ziwa,
lita moja Bangwe, lita moja Katonga,
lita moja pale vibanda vilipokuwa
kabla maji hayajapanda kuvila.
Nabandika lebo. Naandika upepo.
Kwenye chumba cha zege nyuma ya ofisi
sindano inachora ardhi ikijigeuza usingizini,
maana bonde hili la ufa halilali chali.
Usiku mmoja wa Machi ilichora milima.
Asubuhi mtaa mzima: umesikia?
Mimi nilikuwa nayo kwenye karatasi.

Ntibashigwa, fundi wa kuchomelea pale Mwanga,
ameshaunguza mashine mbili kwa umeme unaorukaruka.
"Dada, lini?"
Namwambia ziwa ni la nchi nne,
Rumonge wasome, Kalemie wasome, Mpulungu wasome,
wajibu kwa maandishi.
Kisha waje wageni wawakague wakaguzi wetu,
sheria ipite, mdhibiti asiwe mkono wa mjenzi.
"Dada, nimeuliza lini."

Na ana haki. Waliotunga kanuni
walitunga taa zikiwaka.
Walijenga kwanza, wakaungua, ndipo wakaandika.
Kila kifungu ukikipapasa kina kovu:
hapa mji uliohamwa sufuria zikiwa jikoni,
hapa bahari iliyoruka ukuta.
Sisi tunapewa makovu tuyavae kabla ya jeraha.
Siku nyingine naona ni zawadi.
Siku nyingine, giza likiingia saa moja
na mkunga ameng'ata tochi ya simu kwa meno,
naona tunalipa deni la karamu tusiyoalikwa.

Juzi imekuja fomu mpya, kurasa arobaini.
Nyumba kwa nyumba ndani ya duara:
watu wangapi, visima vingapi, barabara ngapi za kutokea.
Barabara: moja. Nikaandika moja.
(Masika, andika nusu.)
Safu ya saba: Wasioweza kuondoka kwa miguu yao.

Nikapita Gungu nikiuliza hivyo mlangoni.
Walinitazama kama niliyetaja siri ya ukoo.
Kisha wakaingia ndani, wakafunua mapazia.
Kijana wa miaka kumi na tisa, aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi.
Bibi aliyekatwa mguu kwa sukari.
Mapacha.
Nilikuwa na kalamu tu, sina dawa, sina kiti cha magurudumu,
na bado walinishukuru,
jambo linaloniudhi mpaka leo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yetu.
Mama kitandani, redio kifuani.
Nikamuuliza jina kamili, kwa sauti ya kazi.
Akajibu kwa sauti ya kazi: Mwamini Ruhoya.
"Nani anauliza?"
Nikasema, watu wa mbali mno, mama.
Kuna chumba huko walikaa wakaona
kwamba siku ya kukimbia, wewe utakuwepo.
Akapunguza redio.
"Na wa hapa?"

Umeme ukakatika nikiwa naandika.
Nikamalizia kwa tochi, nikiigandamiza kalamu:
safu ya saba, mmoja.

Kinu hakipo. Pengine hakitakuwepo.
Lakini nimemwendea Ntibashigwa na vipimo,
urefu wa mapaja, upana wa nyonga,
magurudumu mawili ya baiskeli kuukuu.
Akavipokea, akavisoma mara mbili.
Umeme ukirudi, akasema.