Sindano

Nyumba ni yangu, kuta hadi mabati.
Lakini sindano ikinidondoka
imeangukia mali ya mtu
ambaye Majengo nzima hatumjui sura.

Wakala wake huja kila tarehe tano,
huandikia risiti gotini,
huondoka na unga wetu wa wiki.

Leo nimezima karai la viazi mapema.
Nina daftari la mjukuu:
upande mmoja hesabu za kujumlisha,
upande wa pili majina.
Nyamawi, kibarua wa bandarini,
siku mbili kazi, tano kungoja langoni.
Rukiya mshona sare,
leseni yake imepanda tena, cherehani ni ile ile.
Mzee Chengo hakusoma;
alichovya kidole katika kalamu iliyovuja,
akakikanyagisha karatasini
kama aingiaye kwake.

Mia mbili na kumi na sita.

Karani wa kaunti akalipima daftari kiganjani.
"Haya mama, mwataka nini hasa?"

Nilikuwa na hotuba. Usiku kucha
niliisomea sufuria.
Ikanitoka hii tu:

twataka sindano ikianguka
tuiokote kwetu.