Betri Haikuwa na Kosa

Candia kaisukuma Bajaj toka Manibe,
shati limemganda mgongoni.
"Betri ya tatu hii," anasema.
"Ya pili ilimla mbuzi wa mama."

Driciru hajibu. Anapiga kiki,
anabana mita kwenye betri:
kumi na mbili nukta moja.
"Vuta mafuta."
Injini inanguruma, namba imekaa palepale
kama mgeni asiyejua kuaga.

Anafungua ubavu wa pikipiki.
Nyaya tatu za njano, kutoka kwenye koili:
anazipima mbili mbili, zote zinasema kweli.
Rektifaya inaunguza kidole, lakini ni hai.

Basi anaufuata ule mweusi, mwembamba,
ambao mafundi wote waliuruka,
hadi pale ulipong'atwa na boliti kwenye fremu.
Kutu. Kutu ya kijani
iliyokandwa na vumbi jekundu la Arua.

Msasa. Spana namba kumi.
"Vuta tena."

Kumi na tatu.
Kumi na nne na ushei.

Taa ya mbele imetoa jicho mchana kweupe.
Candia anacheka, kisha ananyamaza;
anamhesabu mbuzi yule
upya,
kuanzia pembe.