Kutu

Nondo za dirisha letu la Tudor zimeliwa.
Ukizigusa, unga wa hudhurungi hubaki kidoleni
kama mdalasini uliosagwa.
Hewa ya huku ina chumvi, kila mtu ajua,
ila chumvi ni mchochezi tu.
Mlaji ni hewa yenyewe.

Hayo nimeyajua juzi, kwa Daktari Nargis,
nilipomuuliza mbona dawa imeita usiku kumi
na mayai hayakuitika.
Sindano zilikaa frijini, nyuma ya chupa ya ukwaju;
nilijidunga saa tatu kamili, chini ya kitovu,
Mselem akishika saa kama refa.
Vifuko kumi na kimoja kwenye skrini.
Yaliyotoka, manne.

Akachora duara nyuma ya risiti.
"Oksijeni uivutayo ndiyo iwashayo jiko ndani ya seli.
Jiko hutoa cheche. Ujana una mtu wa kuzima cheche.
Mtu huyo akichoka, cheche hula ukuta."
"Halafu?"
"Seli haingoji kuuawa. Hujikunja,
hujikatakata vipande vidogo,
huwaachia jirani wasafishe."

Kumbe hufa kwa adabu.
Bila kelele, bila matanga.

Mamake Mselem ameleta habasoda na asali.
Hakuuliza nani ana kosa,
aliuliza tu kama nilikuwa nikinywa soda baridi.
Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema,
na macho yao hushuka hadi nguoni mwangu.
Lakini hiki changu si chawa, mama. Ni pumzi.
Niivue wapi?

Leo siku ya tatu. Limebaki moja,
limo ndani ya sanduku la joto huko Nyali,
wamelipunguzia hewa. Nilicheka nilipoambiwa:
mwanangu, kama ni mwanangu,
anafundishwa kupumua kidogo kidogo.

Sikwenda kazini. Nimechukua msasa,
nikasugua nondo ya kwanza hadi ikang'aa, na ya pili;
ya tatu ikanikatikia mkononi.
Zilizosalia nimezipaka ile rangi nyekundu ya mafundi,
ya kuzuia kutu. Kuzuia, si kurudisha:
mwenye duka la Makupa hakunificha.

Simu inaita mezani.
Mikono yangu yote miwili mibichi kwa rangi.
Mselem yuko bafuni, maji yanamwagika.
Inaita,
nami sijaitika.